Hapa Hatupimi

Watu huniuliza kama najutia. Hawaulizi kama magoti yamepona, wala kama siku hizi ninalala usingizi, wala nguo zangu za zamani nilimpa nani. Huuliza kama najutia, na nikijibu kwamba sijutii hunywea kidogo, kama walioambiwa harusi imeahirishwa. Nikisema labda najutia kidogo, huvuta kiti karibu.

Basi nitaeleza mara moja. Atakayeuliza tena baada ya hapa, siku akileta kitambaa chake kwangu nitamkatia kinyume.

Mimi ni fundi wa cherehani. Mimi na dada yangu tuna duka la kushonea wanawake wanene, na ninasema wanene kwa sababu ndivyo tulivyo. "Wenye miili yao" ni maneno ya watu wembamba wanaoogopa kutukanwa. Duka ni chumba kimoja kirefu: cherehani mbili dirishani, meza ya kukatia katikati, kioo cha urefu wa mlango ukutani, na kwenye kona pazia la kubadilishia nguo, pana kuliko la fundi mwingine yeyote mtaani. Nje, juu ya mlango, kuna kibao chenye maneno mawili: HAPA HATUPIMI.

Maneno hayo ndiyo yaliyotulisha. Mwanamke mnene akiingia kwa fundi wa kawaida, kitu cha kwanza anachokiona ni futi inayoning'inia shingoni mwa fundi. Fundi anamzungushia, anakunja uso, anavuta pumzi, kisha anatamka namba kwa sauti ambayo muuza vocha wa ng'ambo ya barabara anaisikia. Sisi futi yetu ilikuwa ndani ya droo, imo kwenye nailoni yake tangu inunuliwe. Kipimo cha duka kilikuwa mimi.

Mteja alisimama mbele ya kioo, nami nikasimama kando yake, bega kwa bega. Dada yangu alirudi nyuma mpaka ukutani, akafumba jicho moja, akatutazama kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha akatoa hukumu. "Bonge kasoro vidole vitatu kiunoni, kasoro kiganja nyonga, mikono sawa." Bonge ni mimi. Mteja akishaondoka, mimi nilipanda stuli, kitambaa kikatandazwa juu yangu, na dada akachora kwa chaki na kubana pini, akipunguza vidole hapa na kiganja pale. Hakuandika kitu, hukumu zote alizihifadhi kichwani. Gauni lilitoka limemkaa mwenyewe vizuri, na hatukuwa na habari za kujaribisha katikati. Unakuja mara mbili tu, siku ya kusimama na siku ya kuchukua.

Nilidhani wanatupenda kwa ajili ya ushonaji. Ilinichukua miaka kung'amua kwamba walichokuja kununua ni lile neno kasoro. Kila mmoja wao alikuwa Bonge kasoro kitu fulani. Waliingia wameinamisha vichwa, wakatoka wanatembea kama waliopandishwa cheo.

Sasa nimtaje vizuri dada yangu, maana huyu ndiye niliyekaribia kumpoteza kwa ajili ya tumbo. Anaitwa Kijiti. Usicheke. Popote pengine duniani dada yangu ni mwanamke mnene, na kwenye basi watu humwachia kiti kwa sababu hawana jinsi. Lakini nyumbani kwetu nilikuwepo mimi. Yeye ni mkubwa kwa kuzaliwa, mimi mkubwa kwa kila kitu kingine, na mama alipotusimamisha pamoja tukiwa wadogo akaona mmoja bonge, mmoja kijiti, mambo yakaisha. Kwetu hata nguo zilipanda badala ya kushuka: gauni likinibana mimi mdogo, alipewa yeye mkubwa, alipunguze. Ndivyo alivyojifunza kushona. Mkasi wa kwanza aliowahi kushika ulikata nguo iliyotoka mwilini mwangu, na tangu hapo hajawahi kukata kitu ambacho hakikuanzia kwangu.

Daktari wa kawaida alinishauri nipunguzwe tumbo kwa miaka mingi, kwa upole na kwa picha za rangi. Magoti yalikuwa yamekwisha. Sukari ilikuwa inapanda. Usiku nilikuwa ninaacha kupumua, na mume wangu alinipiga kiwiko ili nianze tena. Mtu huyo alikuwa ameota sugu kwenye kiwiko. Shangazi yangu aliniombea nipungue kila alipokumbuka, na alikumbuka kila nilipofungua mdomo kula. Wote hao hawakufua dafu. Niliwajibu kwamba nitafikiria, nikaenda zangu kupanda stuli.

Aliyefaulu ni Kijiti, kwa sentensi moja, na hakujua.

Alikuja mteja mgeni, mwalimu wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kujaza chumba na mwili wa kumalizia nafasi iliyobaki. Nyumbani kwake, alituambia, vioo vyote vimefunikwa kwa khanga. Tulipomsimamisha karibu nami alifumba macho kabisa, na ukiyafumba macho huwezi kusimama wima, kwa hiyo akawa anayumba. Kijiti ana ulimi wa biashara. Akamwambia, "Mama, fumbua. Usijitazame wewe, mtazame mdogo wangu. Na siku yoyote ukikata tamaa, pita hapa, mtazame vizuri, halafu rudi nyumbani ukale."

Yule mama akafumbua macho. Akanitazama kuanzia visigino kwenda juu, taratibu, hakuruka mahali. Machozi yakamlengalenga. "Mungu ni mwema," akasema, na hakuwa anazungumzia wema aliotendewa mtu kama mimi.

Tulicheka wote watatu, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Alipoondoka nikapanda stuli kama kawaida, kitambaa chake kikawekwa juu yangu, nikatazama kwenye kioo. Niliona mwanamke aliyefunikwa nguo ya mtu mwingine. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nguo iliyokatwa juu ya mwili huu ikawa yangu, nikashindwa. Nikakasirika. Haikuwa huzuni, kama wanavyopenda kusikia wanaoniuliza maswali. Ilikuwa hasira hasa.

"Tulia, Bonge," alisema Kijiti, pini mdomoni. "Unanitikisia kitambaa."

Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki ya unene. Iko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa inatengenezwa. Ukiwasili juu, kama utawasili, unakaribishwa kwenye ukumbi wenye viti vipya vya chuma, vizuri sana, na kila kiti kina mikono miwili iliyochomelewa. Hakuna makalio ya mgonjwa wa kliniki ile yanayoweza kupita kati ya mikono ile. Tulikuwa tumesimama ukutani, watu wazima na akili zetu, mbele ya safu ya viti vitupu, na kila nesi aliyepita alituambia, "Karibuni mkae." Katikati ya ukumbi palikuwa na mizani ya kisasa. Ukiipanda inatamka uzito wako kwa sauti ya kike yenye adabu, mara mbili, kwa faida ya waliokuwa hawasikilizi.

Walinipeleka kwa mshauri, binti mwenye sauti ya kubembeleza, akaniuliza kwa nini nimeamua sasa. Nikamwambia magoti. Akasema, "Na ndani kabisa, mama?" Nikamwambia ndani kabisa kuna mafuta, ndiyo maana nimekuja. Alikuwa ameshanisogezea tishu, ikabidi azirudishe. Kama ningemwambia kwamba nakatwa tumbo kwa sababu ya maneno ya dada yangu, wangenipa dawa nyingine kabisa.

Daktari mpasuaji nilimpenda. Alichora tumbo, akapiga mstari kutoka juu hadi chini: upande huu unabaki, upande huu unatolewa, na kinachobaki ni kama ndizi. Nikamwuliza swali la fundi, kama ndani ya mshono ataacha kitambaa cha ziada endapo baadaye nitataka kufungua. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hii haifunguliwi, mama." Nikamwambia basi akate vizuri. Alikata vizuri, sina neno naye.

Kijiti nilimweleza habari za viti na mizani inayoongea, akacheka akashikilia meza. Kisha akaacha kucheka.

"Kwani wewe unataka nini huko?"

"Wanipunguze tumbo."

"Daktari kasema?"

"Daktari kasema."

"Basi," akasema, akarudi kwenye cherehani yake, na siku nzima alikanyaga pedeli kama anayefukuzwa. Hospitalini alikuja na gauni jipya la kunirudisha nyumbani, la maua, amelishona usiku na mchana. Lilikuwa la Bonge yule yule, kidole kwa kidole. Nililivaa nikiwa na bendeji, na kwa wiki kadhaa lilinitosha.

Baadaye nilipoanza kupungua kweli, nilijifunza jambo kuhusu binadamu. Waliokuwa wakinisihi nipungue ndio waliotangulia kunisihi niache. Shangazi alinishika mashavu kwa vidole vyake viwili akasema, "Mwanangu, niliomba upungue, sikuomba uishe." Majirani walimpa mume wangu pole barabarani. Mwanzoni alibisha, kisha akaona kubisha kunachosha, akaanza kujibu, "Ahsante, tunapambana." Mmoja alimletea mchele. Nyumbani nilikula vijiko vitatu vya supu nikashiba kama niliyetoka karamuni, na kila aliyenitembelea alikaa kukodolea kijiko changu, mpaka nikawa ninahisi kwamba ninakula mbele ya refa.

Lakini magoti yalinyamaza. Usiku mmoja mume wangu aliamka kwa hofu, akanipiga kiwiko kwa mazoea, akanikuta napumua. Alilia, yule mwanamume. Aliniambia amekuwa akiogopa kulala kabla yangu tangu watoto wakiwa shule ya msingi.

Nilirudi dukani nikiwa nimekonda kiasi cha kuonekana. Siku ya kwanza alikuja mteja wetu wa zamani, mpishi wa shule, tukasimama kwenye kioo. Kijiti akarudi ukutani, akafumba jicho, akalifumbua, akafumba la pili.

"Bonge," akasema, kisha akakwama. "Bonge jumlisha kiganja."

"Jumlisha?" mpishi akauliza.

Neno hilo halikuwahi kusikika dukani kwetu. Mpishi alijitazama, akanitazama, akachukua mkoba wake. Alisema atarudi. Hakurudi.

Kesho yake Kijiti alikuja na furushi. Alikuwa amechana godoro la zamani, akakata sponji vipande vipande: tumbo, nyonga, mgongo, mikono miwili, vyote vimeshonewa kamba. Alinifunga kimya kimya kama anayemvalisha mtoto sare, akanivisha gauni la maua juu yake, akanigeuza kwenye kioo.

Nilikuwa mimi. Sio mtu mnene yeyote, mimi mwenyewe, hadi lile bega la kushoto lililokuwa limejaa kuliko la kulia. Kijiti alinikata kwa kumbukumbu, bila kunitazama, bila kukosea. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kutazamwa vizuri hivyo na mtu yeyote, hata mume wangu. Nilichosema ni kwamba linawasha.

"Utazoea," akasema. "Ulilizoea lile jingine."

Kwa hiyo tafakari hali yangu. Nimepanda ghorofa ya tatu kwa magoti mabovu, nimetangazwa na mizani, nimekatwa, nimekunywa supu kama kuku mgonjwa, na kila asubuhi dada yangu ananifunga unene wangu kwa kamba. Jioni unavuliwa na kukalishwa kwenye kiti. Alilipa lile sponji jina, bila hata kufikiri. "Mlete Bonge." "Bonge yuko wapi?" "Mtoe Bonge juani, ananuka jasho." Mimi niliyebaki sikuwa na jina, nikawa wewe. Na wateja walijua. Kamba zilionekana shingoni. Hakuna aliyeuliza, maana kasoro ilikuwa imerudi dukani na kila mtu ameridhika.

Hapo ndipo mwalimu wa kwaya alipotuletea kwaya yake nzima. Walitaka magauni ya kijani, yenye pindo la dhahabu, kwa ajili ya mkutano mkubwa wa kwaya. Walikuja wote Jumamosi moja, wakasimama kando yangu mmoja mmoja, wakapata hukumu zao, wakaondoka wanaimba. Kitambaa kilikuwa kingi na kazi nyingine hazikusubiri, kwa hiyo Kijiti akawa anakata gauni moja moja, kila alipopata nafasi, kwa miezi. La mwalimu aliliacha la mwisho kwa sababu ya mapambo. Mimi nilipanda stuli, nikafungwa sponji, nikasimama.

Utakuwa umeshaona kosa. Sisi hatukuliona. Sponji halikupungua hata kidogo. Niliyekuwa ninapungua ni mimi niliyekuwa ndani yake, na kila wiki Kijiti alikaza kamba kidogo zaidi, akilaumu kamba.

Siku ya kuchukua walikuja wote kwa pamoja. Wa kwanza kukatiwa aliingia nyuma ya pazia akatoka amependeza, akajizungusha, tukapiga makofi. Wa pili alisema limemshika vizuri. Aliyefuata alisema limemshika. Aliyefuata hakusema kitu kwa sababu alikuwa amebana pumzi. Kufika katikati ya kwaya vifungo vilikuwa vinadondoka sakafuni, na waliobaki walianza kutazamana na kulaumiana kwa kula. Mwalimu wa kwaya, ambaye haamini kushindwa, aliliinua la kwake akajitumbukiza kwa kishindo, mikono juu. Likafika mabegani, likakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akabaki pale katikati ya duka, mikono imenyooka, kichwa ndani ya kijani na dhahabu.

"Jamani," sauti yake ilitoka humo ndani, bado nzuri, "pa kutokea ni wapi?"

Kijiti ilibidi aukate mshono kwa mkasi ili amtoe. Mwalimu alipotokeza, nywele zimesimama, alinikuta mimi nimesimama bila sponji, na sponji limekaa kwenye kiti. Akatutazama wote wawili, mimi na kiti.

"Hebu nieleweshwe," alisema. "Siku ile tulisimama na nani, na mtu au na godoro?"

Walituachia magauni yote na muda mfupi wa kuyarekebisha. Walipoondoka hawakuimba.

Kijiti alifunga mlango. "Umeniharibia jina," akasema.

"Mimi? Mkasi alishika nani?"

"Nimekata juu yako. Siku zote nakata juu yako. Si ungeniambia bado unapungua?"

"Una macho, Dada."

"Macho yangu yanakuona vilevile."

Alisema hivyo kwa uchungu, na kama ningekuwa mtu mwema ningeliacha neno lile litulie. Lakini hasira yangu ilikuwa imewekwa muda mrefu, nikatoa ya moyoni. Nikamwuliza kama anajua kwa nini nilikatwa tumbo.

"Daktari alisema."

"Daktari alisema miaka na miaka. Wewe ndiye uliyemwambia yule mama anitazame mimi, halafu arudi nyumbani akale."

Kijiti alikunja uso. "Lini?"

Hakukumbuka. Nilikuwa nimekwenda kuchanwa kwa ajili ya maneno ambayo mwenyewe aliyasema na kuyasahau kabla ya chai ya saa nne. Nikamkumbusha siku, kitambaa, machozi ya mwalimu, kicheko changu. Akaketi kwenye kiti, juu ya Bonge.

"Ilikuwa biashara," akasema.

"Ulikuwa mwili wangu."

Akawa anachomoa nyuzi kwenye sponji. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na mimi je? Ulipokuwa unapanda ngazi za kule, uliwaza mimi nitasimama karibu na nani? Juzi mtoto wa jirani ameniuliza kwa nini naitwa Kijiti. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuuliza."

Akachukua mkoba akatoka, na mimi nikabaki dirishani nikimtazama anavyoshuka zile ngazi tatu za nje. Alishuka kiubavu, mkono mmoja gotini, akapumzika kwenye kila moja. Nilizijua hatua zile. Zilikuwa zangu. Kwa miaka yote nyumbani kwetu magoti yalikuwa ya Bonge, sukari ya Bonge, pumzi fupi ya Bonge, na hakuna mtu aliyemtazama Kijiti, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nimeziba. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku niliyolazwa chali chini ya taa.

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Simu hakupokea, shemeji alipokea akasema amelala, na nyuma yake nikamsikia Kijiti akisema, "Mwambie nimelala." Nilifumua magauni ya kijani peke yangu. Hukumu za kwaya zilikuwa kichwani mwake, kwa hiyo nilifumua tu, nisijue nitashona nini. Mchana sponji lilinitazama kwenye kiti. Ningeulizwa siku zile kama najutia, ningejibu ndiyo kabla swali halijaisha, na muulizaji angekula raha.

Alikuja asubuhi moja nikiwa natia mafuta cherehani. Hakunisalimu. Alifunga mlango kwa komeo, akavuta pazia la dirisha, akalitoa sponji kwenye kiti akaliweka chini ya meza. Kisha akafungua droo, akachukua futi, akaichana ile nailoni kwa meno.

"Kwaya itakatwa juu yangu," akasema. "Sasa hakuna wa kunilinganisha naye. Nipime."

"Naweza kukadiria kwa macho, Dada."

"Sijakuambia ukadirie. Nipime, na utaje namba kwa sauti."

Alipanda stuli kwa kunishika bega. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa juu yake. Alitazama chumba kutoka kule kana kwamba amehamia nyumba nyingine. Futi ilikuwa inanuka upya. Nikampima kifua, nikataja. Nikampima kiuno, nikataja. Nikateremka kwenye nyonga, nikazungusha, nikavuta, na futi haikufika. Ncha mbili zilisimama zikitazamana, na kati yake gauni lake la bluu.

"Mbona kimya?"

"Imebaki nafasi."

"Kiasi gani?"

Nikaweka kiganja pale katikati. Kilienea. "Kiganja."

"Changu au chako?"

"Changu."

"Cha zamani au cha siku hizi?"

Nikautazama mkono wangu, pete inavyocheza kidoleni. "Cha siku hizi."

"Basi jumlisha kidole," akasema Kijiti.

Nilicheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka, na stuli ikacheza chini yake, nikamkumbatia nyongani kwa mikono yote miwili ili asianguke. Mikono yangu nayo haikufika. Nikabaki hivyo hivyo, shavu langu kwenye gauni lake, na nikasikia anavyopumua kwa shida, pumzi fupi fupi kama zile nilizoziacha mimi.

"Kule kliniki," akasema, akiongea na kioo. "Vile viti bado vina mikono?"

"Vina."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi tutasimama," akasema.